Sauti Aliyoazima Ifrah

Ifrah Diriye alijifunza Kichina kwa kutazama katuni. Alikuwa amepata ufadhili wa kwenda kusoma China, katika mji mmoja wa bara ulio mbali na bahari, na mwaka wa kwanza darasani hakuambulia kitu. Walimu walisema haraka, wenzake waliandika haraka, naye alitoka kila siku kichwa kikivuma. Karibu na lango la chuo palikuwa na mama mmoja aliyeuza tambi za supu, na ukutani pa kibanda chake palitundikwa runinga iliyoonyesha katuni tangu asubuhi kwa ajili ya wanawe. Ifrah akawa mteja wa kila siku. Watu wa kwenye katuni husema taratibu, na furaha au huzuni yao iko usoni, huhitaji kamusi. Kabla mwaka haujaisha alikuwa akicheka pamoja na watoto wa yule mama, tena akicheka mahali panapostahili.

Kilichomshika zaidi si lugha. Filamu zile zilichukua mambo ya kale ya Wachina, vinyago vya michezo yao ya jukwaani, milima ya wino, maua ya karatasi yanayobandikwa madirishani, zikayatia ndani yake machungu ya leo. Humo mlikuwa na watoto walioachwa vijijini na babu na nyanya kwa sababu wazazi wako viwandani mbali. Mlikuwa na nyumba za ukoo zinazobomolewa ili yajengwe maghorofa, na wazee wasio na mtu wa kuzungumza naye. Ifrah alikuwa mzaliwa wa Balambala, upande wa Garissa, katika familia ya wafugaji, na mara nyingi aliweka vijiti vya kulia mezani akajiambia, hawa watu wanachora kwetu.

Aliporudi nyumbani akapata kazi Garissa, mkalimani wa kampuni ya Kichina iliyokuwa ikijenga barabara. Alikodi nyumba ya vyumba viwili. Baba yake alikuwa ameshafariki, na ukame ulipomaliza mifugo yote, akamleta mama yake, Shamso, waishi pamoja. Shamso hakuwa mtu wa kukaa bure. Akaanza kuuza maziwa ya ngamia sokoni, yakiletwa alfajiri na wapwa zake kutoka malishoni, na kwa sababu wateja wake wengine walikuwa wake wa askari na walimu waliotoka Kitui na Meru, akalazimika kujifunza Kiswahili uzeeni. Alijifunza palepale sokoni, neno moja moja. Kisomali hakina p, v wala z, kwa hiyo "pole pole" kwake ilikuwa "bole bole", na "vizuri" ilikuwa "fisuri". Wateja walimwelewa nao walimpenda. Alipenda kuongea, hata pale neno lilipomkimbia alilifuata kwa mikono mpaka akalipata.

Ifrah mwenyewe alikuwa amepitia hayo. Alipopelekwa shule ya bweni akiwa mdogo alisema "fitabu" mbele ya darasa, na jina hilo likamganda mpaka kidato cha pili. Alijifungia bafuni akisugua ulimi wake kama mtu anayesugua sufuria, p, v, p, v, mpaka Kiswahili chake kikatoka safi kiasi kwamba watu walimuuliza kama alikulia Mombasa. Swali hilo lilimpendeza. Hakuwahi kulijibu sawasawa.

Mambo ya katuni yalianza kwa mzaha. Mke wa mhandisi mmoja wa Kichina, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia Ifrah flashi iliyojaa filamu. Ifrah akamwonyesha Keynan, kijana aliyekuwa na kituo cha tuisheni mjini, mwenye ukumbi wa mabati, feni mbili na projekta. Keynan akasema, "Walete watoto Jumamosi, wewe uwahadithie." Ikawa hivyo. Alasiri, watu wakishatoka kuswali, Ifrah alipunguza sauti ya Kichina, akashika kipaza sauti, akawasemea watu wa kwenye filamu kwa Kiswahili, maana ukumbini kulikuwa na watoto wa Kisomali na watoto wa wafanyakazi wa serikali waliotoka kila pembe ya nchi. Alikuwa na kipawa. Alikuwa mbwa, alikuwa mfalme, alikuwa mtoto mchanga. Watu wazima nao wakaanza kuja, wakasimama nyuma.

Halafu akamzua mzee. Katika filamu mojawapo alipita mzee wa kijijini aliyekuwa na maneno machache tu, na Ifrah, bila kufikiri, akampa Kiswahili cha Shamso. "Bole bole, fijana," mzee akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watoto wa Kisomali walicheka kuliko wote, kwa sababu kila mmoja alikuwa na bibi wa namna hiyo nyumbani. Tangu siku hiyo kila filamu ikawa lazima iwe na mzee, na kila mzee akasema hivyo. Ifrah alianza kukusanya. Jioni Shamso akimsimulia mambo ya sokoni, binti alisikiliza kwa sikio la mtu anayeokota kuni. Neno zuri akalitia akilini, Jumamosi akalitoa.

Kuna moja, ya viatu, aliyoipata ofisini. Shamso alikuwa amempelekea chakula, akasimama mlangoni akiogopa sakafu inayong'aa, akamuuliza mlinzi kwa adabu, "Nifue fiatu?" Alitaka kuuliza kama avue viatu. Mlinzi alielewa kwamba mama anaomba kufua viatu. Walicheka wote, Shamso pia, baada ya kuelezwa. Ifrah alicheka, na moyoni akaiweka akiba.

Sasa, miongoni mwa zile filamu palikuwa na moja aliyokuwa akiiogopa kidogo kwa urefu wake. Ilimhusu mzee mmoja mtengeneza vikaragosi vya kivuli. Alikuwa akikwangua ngozi ya punda mpaka iangaze kama kioo, akaikata sura za majemadari na malkia wa zamani, akavichezesha nyuma ya shuka iliyomulikwa kwa taa. Kijijini kwake hakukubaki mtu wa kutazama ila mjukuu wake wa kike, ambaye wazazi wake walikuwa viwandani na walirudi mara moja kwa mwaka. Mwishowe wazazi wakamchukua mtoto wakaishi naye mjini. Babu, kwa kumkosa, akapanda basi na sanduku lake la vikaragosi, akaenda mpaka shuleni kwa mjukuu ili awaonyeshe wanafunzi. Lakini alisema Kichina cha kijijini, na alipofungua mdomo darasa zima likamcheka. Mjukuu, kwa kuogopa wenzake, akacheka nao.

Keynan alipoiona alisema, "Hii ndiyo yenyewe. Huyu mzee yuko filamu nzima. Mwachie akimbie." Ifrah akakubali.

Jumamosi hiyo ukumbi ulijaa. Filamu ilikuwa imekwenda kiasi, mzee ameshachekesha watu mara kadhaa, Ifrah alipotupa jicho nyuma akamwona mama yake. Shamso hakuwahi kuja hata siku moja. Jirani yao, Deka, ambaye wanawe hawakukosa Jumamosi, alikuwa amemwambia, akimwita shangazi kwa heshima, "Eeddo, binti yako anafurahisha mji mzima, wewe unakaa na mitungi yako?" Basi akavaa shuka yake nzuri, akaja. Alikuwa amesimama karibu na mlango, amefunika mdomo kwa ncha ya shuka, anacheka. Anamcheka mzee. Alikuwa hajatambua.

Ifrah alijua fika kilichokuwa mbele. Mzee alikuwa anapanda ngazi za shule na sanduku lake. Palikuwa na nafasi ya kutosha kumbadilishia sauti, hata kunyamaza tu na kuacha Kichina kisikike. Lakini watoto walikuwa wameinama mbele wakingoja, Keynan amekwisha kumwonyesha dole gumba, na kipaza sauti kilikuwa mkononi. Mzee akafika mlangoni pa darasa. Akaitazama sakafu. Ifrah akasema, "Nifue fiatu?"

Watoto walianguka kutoka kwenye viti. Mmoja aliirudia, wengine wakaidaka, ukumbi ukawa "nifue fiatu, nifue fiatu". Ifrah akatazama nyuma. Shamso alikuwa ameacha kucheka. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipojulikana, akawa anajaribu kuhakikisha. Kisha akashusha ile ncha ya shuka, akaikunja, akaishika kwa mikono miwili mbele yake, akasimama hivyo mpaka filamu ikaisha.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Shamso alimsaidia kubeba mkoba wa nyaya.

"Watoto wamefurahi," alisema, kwa Kisomali, lugha yao ya nyumbani.

"Wamefurahi, hooyo," Ifrah akamjibu mama yake.

Wakapita msikiti, wakapita wauza mirungi.

"Ile sauti umeijulia," Shamso akasema. "Ni yenyewe kabisa."

Ifrah akasema jua la leo lilikuwa kali. Mama akaitikia kwamba kweli lilikuwa kali.

Hakuna kilichosemwa tena nyumbani, na wiki ikapita kama wiki nyingine. Chai ilipikwa, dua zilisomwa. Ifrah akaanza kujidanganya kwamba limekwisha. Ndipo siku moja akakutana sokoni na Mama Mwende, mke wa askari, mteja wa Shamso tangu mwanzo.

"Mama yako ana shida ya koo?" Mama Mwende akamuuliza. "Siku hizi hasemi. Ukimsalimia anainamisha kichwa, ukimuuliza maziwa anaonyesha kwa vidole. Jana nilimwambia tuongee kama zamani, akatikisa mkono tu. Sisi tumezoea mdomo wake."

Ifrah akasimama mbali kidogo akatazama. Ilikuwa vile alivyoambiwa. Wanawake wa Kisomali walipokuja, Shamso aliongea na kutania. Alipokuja mtu wa Kiswahili, uso ulifungwa. Alipima, akamimina, akanyoosha vidole, akatazama pembeni. Kiswahili chote alichokiokota neno moja moja kwa miaka mitatu alikuwa amekiweka chini.

Ifrah hakumsogelea. Alirudi ofisini, akaenda chooni, akafungulia maji ya bomba ili asisikike. Alichokiona kilimwingia vibaya zaidi kwa sababu alikijua kutoka ndani. Yeye pia aliwahi kunyamaza hivyo, darasani, muhula mzima, akionyesha vitu kwa kidole. Hakuna aliyeujua uchungu wa jambo lile kuliko yeye, na yeye ndiye aliyelifanya.

Alasiri ile aliitazama ile filamu tena, peke yake, sauti ikiwa wazi. Hakuwahi kuisikiliza sawasawa. Sauti ya mzee ilikuwa ya chini, yenye mikwaruzo, na Kichina chake kilikuwa kizito cha kijijini, lakini aliyeigiza hakutia mzaha hata mahali pamoja. Ilipofika darasani, wanafunzi walipoanza kucheka, watengenezaji wa filamu walikata sauti yote. Vinywa vilikuwa wazi, meno yanaonekana, mabega yanatikisika, na hakuna kinachosikika. Kimya kile kiliendelea muda mrefu, mzee akiwa katikati ameshika sanduku, kisha kamera ikamgeukia mjukuu, naye mdomo wake uko wazi kama wengine. Filamu yote ilijengwa ili ifike hapo, kwenye kile kimya. Ifrah ndiye aliyekijaza kwa kelele.

Akaenda kwa Keynan. "Nataka niirudie ile filamu Jumamosi," akasema. "Niisimulie ilivyo."

"Bila yule mzee?"

"Mzee yupo. Ila bila ile sauti."

Keynan akacheka kidogo, akaacha alipomwona uso. "Watachoka, Ifrah. Hawa wanakuja kucheka."

"Wachoke."

Walichoka kweli. Mwanzo tu walianza kupiga kelele, "Ticha, leta ile sauti." Ifrah akaendelea kwa Kiswahili chake cha kawaida, safi, na kwa mara ya kwanza usafi ule ukamkera. Baadhi wakatoka kwenda kucheza mpira. Ilipofika darasani, alinyamaza, akaacha kimya kiwe kimya, na waliobaki wakatazama. Lakini kijana mmoja wa mbele, kwa kuzoea, akasema, "Nifue fiatu," na wengine wakacheka.

Ifrah akaisimamisha filamu. Hakuwa amepanga kusema lolote. Akasema, "Ile sauti niliyokuwa nikiwachekesha nayo ni ya mama yangu. Anaitwa Shamso, anauza maziwa sokoni. Ndivyo anavyosema Kiswahili, na yale maneno ya viatu ni yake. Nilikosa. Naomba msiyarudie."

Watu wazima wakaangalia miguu yao. Ifrah alihisi kifua kinafunguka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, mpaka msichana mmoja mdogo, binti wa Deka, akauliza bila ubaya, "Na yeye anajua?"

"Anajua," Ifrah akasema, akawasha filamu tena kwa sababu hakuweza kuendelea kusimama mbele yao.

Nyumbani alimkuta Shamso anachagua mchele. Akaketi kwenye mkeka, akamweleza yote. Kwamba ameirudia filamu, kwamba amewaambia watu ukweli, kwamba amemwomba radhi mbele ya wote. Aliongea kwa haraka, na alipomaliza alikuwa analia, na ndani ya kulia kwake mlikuwa na tumaini dogo la kusamehewa.

Shamso aliacha mchele. "Uliwatajia jina langu?"

"Ndiyo, hooyo. Ili wajue si mchezo."

"Na kwamba nauza maziwa sokoni."

Ifrah akaitikia kwa kichwa.

"Ile siku ya kwanza," Shamso akasema, pole pole, bila kupandisha sauti, "tulijua watu wawili, mimi na wewe. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye giza la ukumbi. Leo umewaambia mji. Kesho mtoto akipita sokoni, atasema ni yule." Akarudi kwenye mchele wake. "Sijui ni nani uliyekuwa unamsaidia, mwanangu. Sidhani ni mimi."

Hapo ndipo aibu ilipomkamata Ifrah sawasawa. Ile ya kwanza ilikuwa na pa kujishikilia. Aliweza kusema aliteleza, aliweza kusema ni watoto. Hii ya pili alikuwa ameifanya kwa makusudi mema, tena kwa machozi, na katikati ya machozi yale alijiona jinsi alivyopendeza mbele ya watu akiungama. Alikuwa amemtumia mama yake mara mbili. Mara ya kwanza ili achekeshe, mara ya pili ili atakasike.

Mvua zilipoanza Shamso akaenda Balambala kwa dada yake, akasema anataka kuona majani mabichi. Hakusema atarudi lini. Ifrah alimwambia Keynan atafute mtu mwingine wa Jumamosi. Ofisini alifanya kazi akarudi, na nyumba ikawa na ukimya ambao asili yake aliijua. Alipompigia mama simu waliongea habari za mvua na za mbuzi.

Mwishoni mwa mwezi alifunga safari akaenda. Alimkuta Shamso nje ya boma la dada yake, amekaa kwenye mkeka anasuka kamba. Wakasalimiana, wakanywa chai yenye maziwa mengi, dada mtu akaondoka kufuata mbuzi. Ifrah alikuwa amejiahidi njia nzima kwamba hataomba radhi tena, wala hatalia. Akachukua nyuzi upande wa pili, akaanza kusuka pamoja naye, vibaya, kwa kuwa mikono ilikuwa imesahau.

"Ile filamu," Shamso akasema ghafla. "Sikuielewa mwisho wake. Kiswahili chako kinakimbia, na mimi siku ile masikio yalikuwa yameniziba. Nisimulie. Kwa Kisomali, na usiongeze kitu."

Ifrah akasimulia. Alianza na kijiji kilichobaki na wazee, na Shamso akaguna, kwa kuwa hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alisimulia ngozi inayokwanguliwa, taa, shuka, wazazi wanaorudi mara moja kwa mwaka. Alipofika kwenye ngazi za shule akasita.

"Endelea," Shamso akasema.

Akaendelea. Alisema darasa lilicheka, na mjukuu akacheka nalo, na kwamba filamu ilikatwa sauti hapo. Mikono ya Shamso ilisimama kwa muda.

"Na yule msichana alifanya nini baadaye?"

"Alimkimbilia babu yake kituo cha mabasi, akakuta basi limeondoka. Mwaka uliofuata, wakati wa sikukuu yao, akaenda kijijini. Babu alikuwa anachezesha vikaragosi, na wa kutazama hakuna. Msichana akaenda nyuma ya shuka, akamshikia taa."

"Hakumwambia kitu?"

"Hakumwambia kitu."

Shamso akavuta uzi. "Na mzee hakumuuliza?"

"Hapana. Alichezesha tu. Ndipo inaishia."

"Basi hao watu wana akili," Shamso akasema, akamnyang'anya ile kamba, akafumua sehemu yote aliyoisuka Ifrah, akamrudishia aanze upya.

Shamso alirudi Garissa baada ya mvua, akakaa tena penye mitungi yake. Ifrah, siku asizokwenda kazini, alikuja kuketi karibu naye, akaosha vibaba, akapokea mitungi mitupu, bila kumsemea kwa mteja hata mara moja. Siku ya kwanza na ya pili Shamso alionyesha vidole. Siku nyingine alikuja Mama Mwende na haraka zake, akitaka ajaziwe chupa upesi, maziwa yakawa yanatoa povu. Shamso akainua kichwa. Mdomo ukafunguka, na Ifrah akaliona neno likija, lile lile "bole bole" la siku zote, likafika kwenye midomo likasimama. Mama yake akalimeza. Akatafuta lingine.

"Taratibu," akasema, kwa uangalifu, kila herufi mahali pake. "Taratibu, mama."

Mama Mwende alifurahi, akasema asante Mungu koo limepona. Ifrah aliinama akaendelea kuosha kibaba kilichokuwa kimeshatakata.